Ndaga ni ya Wageni: Historia Fupi ya Wema wa Nyumbani Katika Nyanda za Juu Kusini



Juma lililopita tulikuwa katika kigango kimoja wilayani Rungwe kwa ajili ya mkutano wa jumuiya ndogo ndogo. Tulikuwa tumejiandaa kuzungumza juu ya maneno matatu ambayo hayati Papa Fransisko aliyafafanua katika katekesi yake ya tarehe 13 Mei 2015 kuhusu familia, yaani naomba, asante na samahani. Kwa kuanzia tuliwauliza akina baba swali ambalo tulidhani ni jepesi: ni lini kila mmoja wao alimshukuru mke wake kwa chakula alichompikia? Ukimya ulitanda. Mwishowe mzee mmoja mwenye heshima kubwa kijijini, ambaye hatujawahi kumsikia akimvunjia mtu adabu, alitujibu kwa upole: "Baba Paroko, ndaga ni ya wageni."

Wasiokijua Kinyakyusa watambue kwamba ndaga ni asante. Watu walicheka, nasi tukacheka pamoja nao. Lakini tulipokuwa tukishuka kurudi parokiani, jibu la mzee lilikuwa bado linatusumbua, kwa sababu halikuwa jibu la mtu mkatili. Lilikuwa jibu la mtu aliyelelewa vizuri sana katika adabu ya zamani. Tukaona heri juma hili tuitafute adabu hiyo ilikotoka, na njia iliyopita hadi kutufikia. Kwa maana nyanda zetu hizi hazikupata kukosa wema. Wema ulikuwapo mwingi, tena wenye taratibu zake, ila mlango wake ulifunguka kuelekea nje.

Kati ya mwaka 1934 na 1938, Godfrey Wilson na mkewe Monica, wataalamu wa mila na maisha ya jamii, waliishi miongoni mwa Wanyakyusa wakijifunza maisha yao ya kila siku. Godfrey alifariki mwaka 1944. Monica ndiye aliyeendelea kuandika, na mwaka 1951 alichapisha kitabu alichokiita Good Company, jina ambalo ni jaribio la kutafsiri neno moja tu la Kinyakyusa: ukwangala. Neno hilo ni pana. Ni kukaa pamoja na wenzako wa rika lako, kula nao, kunywa nao, kuzungumza nao bila kinyongo, na kuwa mkarimu kwao. Kwa Wanyakyusa wa wakati ule, mtu asiyejua ukwangala alihesabiwa kuwa hana maana hata kama alikuwa na ng'ombe wengi.

Ili ukwangala upate mahali pa kukaa, walijenga vijiji vya rika, jambo ambalo ni nadra duniani. Mtoto wa kiume alipofikia umri wa miaka 10 au 11 aliondoka nyumbani kwa baba yake, akaenda pamoja na wenzake kujenga vibanda pembeni mwa kijiji. Huko walilala, huko walikua, na huko baadaye walioa. Lakini hawakujipikia. Waliendelea kula kwa mama zao, na hapa ndipo penye utamu wa habari hii: hawakwenda kila mmoja kwa mama yake, bali kundi zima lilikwenda leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Kijana aliyenyemelea nyumbani ili ale peke yake alidharauliwa. Hivyo ndivyo walivyofundishwa kugawana tangu meno ya utotoni yalipong'oka, na sisi tunakiri kwamba hatujaona katekisimu iliyofundisha jambo hilo vizuri zaidi ya ule mzunguko wa vyungu.

Sasa tumtazame aliyepika. Mama yule alilisha kundi la vijana kumi ambao mmoja tu ndiye mwanawe. Mumewe alikula na wanaume wenziwe wa rika, wala si pamoja naye. Mkwe wake wa kike, yaani mke wa mwanawe, alipaswa kumkwepa baba mkwe kabisa, asimtazame wala kuzungumza naye, na Wanyakyusa wenyewe walitaja heshima hiyo kuwa sababu mojawapo ya vijana kukaa mbali na wazazi. Kila jambo hapo lilikuwa na maana yake, na tusiharakishe kuwahukumu marehemu. Hata hivyo ni wazi kwamba meza ya ukwangala ilikuwa na viti vya wanaume. Mwanamke alikuwa upande wa jikoni. Mzee wetu wa kigangoni alisema kweli tupu: ndaga ilikuwa ya wageni na ya wenzi wa rika, kwa sababu hao ndio ambao mtu alikula nao.

Liko jambo la pili katika mila hizo ambalo linatugusa zaidi. Wanyakyusa waliamini kwamba hasira iliyofichwa ndani ya jamaa huleta maradhi. Baba aliyedharauliwa na mwanawe akanung'unika kimoyomoyo, au ndugu aliyenyimwa haki yake katika mgawo wa nyama akanyamaza huku moyo ukichemka, manung'uniko hayo yaliaminiwa kumfikia mtoto au mjukuu na kumlaza kitandani. Dawa yake haikuwa majani. Jamaa waliitwa, na kila aliyekuwa na neno alitakiwa kulitoa waziwazi mbele ya wengine. Tambiko lililofanywa huku mtu amefumba hasira yake lilihesabiwa kuwa ni bure, na hata linaweza kuleta madhara zaidi.

Wala hawakuwa peke yao. Ukienda mbali na kwetu, katika vilima vya Taita nchini Kenya, wazee walikuwa na ibada iitwayo kutasa, ambapo mtu alichukua pombe ya muwa au maji kinywani, akayapuliza nje huku akitamka kwamba ameitoa hasira yake na kuwatakia jamaa heri. Mtaalamu Grace Harris aliiandikia kitabu mwaka 1978. Jamii mbili zisizopakana, zenye lugha tofauti, zilifikia wazo moja: hasira ya nyumbani haikai kwa mwenye nayo tu.

Hapa lazima tuseme waziwazi ili tusieleweke vibaya. Homa ya mtoto haitokani na manung'uniko ya babu. Malaria huletwa na mbu, na mtoto mwenye homa apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, kikao cha ukoo kitasubiri. Tena imani hiyo ilikuwa na upande wake wa giza, kwa maana mahali ambapo kila ugonjwa hutafutiwa mwenye kinyongo, ni rahisi sana mtu kunyooshewa kidole kuwa mchawi, na vijiji vile vya rika viliwafukuza watu kwa tuhuma hizo. Tunachokitamani ni kile kitendo kilichobaki tukiondoa hofu: jamaa kukaa chini, mwenye neno kusema, wengine kusikiliza, kisha kula pamoja. Wakristo wa Rungwe walifundishwa habari ya msamaha tangu Wamoravian na Walutheri wa Berlin walipofika mwaka 1891, nasi Wakatoliki tuliofuata tulileta kitubio. Lakini tukiri kwamba muumini anaweza kutubu kwa padri asubuhi, akarudi nyumbani, asiseme neno lolote na yule aliyemkosea.

Vijiji vya rika vilififia polepole. Ardhi ilipungua, kahawa ilipandwa milimani na mpunga ukashamiri bondeni Kyela, na shamba lenye thamani kila mtu hutaka kumrithisha mwanawe. Zaidi ya yote, wanaume waliondoka. Katika miaka ya 1930 machimbo ya dhahabu ya Lupa, huko Chunya, yaliwavuta wengi. Baadaye wakaenda mbali zaidi, hadi migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Philip Gulliver aliandika juu ya safari hizo za Wanyakyusa mwaka 1957. Upande wa Iringa na Njombe nako wanaume walielekea mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Mtu aliondoka kwa mwaka mmoja au miwili, akarudi na blanketi, baiskeli na fedha kidogo, akamkuta mtoto asiyemjua na mke aliyezoea kuamua mambo peke yake.

Kwa maoni yetu, hapo ndipo palipopasuka. Ile jumuiya ya rika iliyokuwa imebeba wema wote ilivunjika, na mume na mke wakabaki wawili chini ya paa moja bila kuwa wamefundishwa namna ya kuangaliana kwa ukarimu. Mwanamume alijua kuwa mwema barazani. Jikoni hakuwa na mazoea. Vilabu vya pombe vikachukua nafasi ya ukwangala, na huko Iringa ulanzi ulikuwapo wa kutosha.

Mwaka 1971 Bunge lilitunga Sheria ya Ndoa, na kifungu cha 66 kinasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake wa ndoa kwa kumpiga. Wengi wa waumini wetu, tena wasomi, hushangaa tunapowaambia kwamba sheria hiyo ina umri zaidi ya miaka 50. Mshangao wao una sababu. Shirika la Afya Duniani lilipofanya utafiti mkubwa juu ya ukatili dhidi ya wanawake katika nchi 10, ripoti yake ikatolewa mwaka 2005, Tanzania iliwakilishwa na sehemu mbili: Dar es Salaam na Mbeya. Kati ya wanawake waliowahi kuwa na mume au mwenzi, waliosema wamepata kutendewa ukatili wa mwili au wa kingono na mwenzi wao walikuwa 41 katika kila 100 kwa Dar es Salaam. Kwa Mbeya walikuwa 56. Sisi wa mikoani hupenda kusema kwamba jiji limeharibika na kwamba maadili yamebaki kwetu. Tarakimu hizo zilisema vingine, na hatukumbuki kuzisikia zikisomwa katika mimbari yoyote, ikiwemo ya kwetu.

Tuondoke sasa Mbeya, tupande basi linalopita Igawa, Makambako na Mafinga, hadi Iringa. Njiani utaona magari yamebeba mahindi, viazi na mbao. Kwa muda mrefu Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa ndiyo mikoa minne iliyoilisha nchi kwa mahindi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu walipowapima watoto wa Iringa walikuta kitendawili: mkoa wa ghala, watoto wenye utapiamlo. Mwishoni mwa mwaka 1983 ukaanza mpango wa lishe ulioendeshwa na serikali pamoja na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, kwa fedha zilizotolewa na Italia, katika vijiji 168. Sisi ni wazao wa miaka hiyo. Mama yetu, ambaye wakati huo aliishi kwa wazazi wake katika kijiji kimoja mkoani humo, husimulia kwamba nasi tulivishwa ile suruali ya kitambaa, tukaning'inizwa kwenye mizani chini ya mti, na kwamba tulilia hadi mbuzi wakakimbia.

Nguvu ya mpango ule ilikuwa katika maswali zaidi kuliko katika mizani. Kila baada ya miezi mitatu watoto walipimwa hadharani, kisha kamati ya afya ya kijiji pamoja na wazazi walikaa kujiuliza: mtoto huyu amepungua, kwa nini? Jibu la kwanza lilikuwa chakula. Lakini ghalani chakula kipo. Basi kwa nini? Polepole sababu ya kweli ilijitokeza. Mama aliondoka alfajiri kwenda shambani, akatoka shambani akapitia kuni, akaweka kuni akafuata maji, na jioni ndipo alipowasha moto. Mtoto alikula asubuhi na jioni tu. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo kama ngumi yake, haliwezi kubeba shibe ya siku nzima kwa milo miwili ya uji mzito. Na katika ratiba hiyo yote ya siku, baba hakuonekana popote.

Hatua zilizochukuliwa zilikuwa za kawaida kabisa. Vijiji vilianzisha vituo vya kulelea watoto wakati mama wakiwa kazini. Akina baba waliitwa kwenye upimaji, wakasikia majibu ya watoto wao mbele ya majirani. Aidha akina mama walifundishwa kutumia kimea katika uji. Kimea ni nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa, na kila mpika pombe wa Iringa anakijua. Ukitia kijiko kimoja katika uji mzito wa moto kiasi, uji hulainika bila kuongezwa maji, kwa sababu mbegu inayoota huivunjavunja ile wanga. Hivyo mtoto hunywa uji mwepesi wenye nguvu ya uji mzito. Ulezi, nafaka ile ile iliyowalewesha baba zao, ukatumika katika ulezi wa watoto. Lugha yetu ina hekima zake.

Ilipofika mwaka 1988, watoto wenye uzito pungufu katika vijiji hivyo, ambao mwanzoni walikuwa zaidi ya nusu, walikuwa wamepungua hadi chini ya wawili katika kila watano. Wenye utapiamlo mkali walishuka kutoka kama 6 katika kila 100 hadi chini ya 2. Na mwaka 1990 UNICEF ilipoandika kielelezo chake cha sababu za utapiamlo, ambacho kimetumika duniani kote tangu hapo, ilichukua mafunzo mengi kutoka Iringa: kando ya chakula na huduma za afya iliweka sababu ya tatu, matunzo. Nani yuko na mtoto, nani anamlisha, mama anapumzika lini.

Miaka iliyofuata ilileta jaribu kubwa zaidi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003 na 2004 ulionyesha kwamba Mbeya na Iringa ndiyo mikoa iliyoongoza kwa maambukizi ya virusi vya UKIMWI, takriban watu 13 au 14 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wakati taifa zima lilikuwa na 7. Wakati huo tulikuwa bado mafrateri, na likizo zetu zilikuwa za mazishi. Tunachokikumbuka zaidi ni kikao cha ukoo baada ya matanga, pale swali lilipotamkwa: watoto hawa watakwenda kwa nani? Wanaume wenye nyumba za bati walitazama chini. Mara nyingi bibi mmoja, aliyekaa nyuma karibu na mlango, alisema tu, "Nileteeni," kana kwamba ameombwa kupokea kikapu. Bibi hao wamelea kizazi kizima cha nyanda hizi. Baadhi ya waliolelewa nao sasa ni walimu na wauguzi parokiani kwetu.

Leo je? Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulikuta kwamba watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa nchini ni 30 katika kila 100. Mkoa ulioongoza ni Iringa, wenye watoto 57 katika kila 100. Mahindi bado yanajaza malori kule kule. Mkoa ulioifundisha dunia neno matunzo ndio unaoshika mkia katika matunzo hayo. Wataalamu wana maelezo yao, ya usafi wa maji, ya aina ya vyakula na mengineyo, nasi hatuyapingi. Lakini tumezunguka vigango vingi wakati wa palizi, na tumeona yule mama wa mwaka 1983 bado yuko njiani na mzigo wa kuni, mtoto mgongoni, na mume mbele yake akitembea mikono mitupu.

Na tusiwaseme wengine tu. Mwaka jana mpishi wa parokia yetu hakuja kazini siku tatu kwa kuuguliwa na mtoto. Siku ya nne tulipomwona, neno letu la kwanza lilikuwa juu ya chai iliyochelewa. Yeye alijibu, "Samahani, Baba," akawasha moto. Tulikuwa tumekula chakula cha mikono yake miaka miwili, na hatukuwa tunalijua jina la mtoto yule. Tulilijua baadaye, tukiwa tumekaa kwenye kigoda jikoni kwake. Ilitubidi tuseme neno la samahani kwa sauti, na tuliona jinsi lilivyo zito kwa mtu aliyezoea kuombwa msamaha kuliko kuuomba.

Kuhusu mzee wetu wa Rungwe: Jumapili iliyopita, baada ya Misa, mke wake alitufuata kwenye ngazi za kanisa. Tulidhani amekuja kulalamika kwamba tumemwaibisha mumewe mbele ya watu. Alisema kwamba jioni ya siku ile ya mkutano mzee alikula, akasukuma sahani, akakaa kimya kwa muda mrefu, kisha akasema, "Ndaga." Yeye akashtuka, akageuka kutazama mlangoni aone ni mgeni gani ameingia.